Alfabeti Haipatanishi Wagomvi

Wenzangu wakistaafu hununua bajaji. Wengine huongeza mke. Mimi nilipiga rafu. Rafu tano za mbao, ndani ya stoo iliyo nyuma ya jiko, nyumbani kwangu Tabata, na hadi leo naambiwa afadhali ningeongeza mke.

Rafu zenyewe hazina kosa. Kosa, nasikia, ni nilichoweka juu yake na jinsi nilivyokiweka. Nami nasema hapa hadharani, kwa kuwa nyumbani sisikilizwi tena: nilikiweka vizuri. Nilikiweka kwa alfabeti.

Kisa kinaanzia kwenye pensheni. Watu hulalamikia udogo wake. Mimi nalalamikia asubuhi zake. Saa mbili umeshakunywa chai, umeshasoma gazeti la jana, umeshamkosoa fundi wa jirani kupitia juu ya ukuta, na jua ndiyo kwanza linapanda. Mama Rehema alinivumilia miezi mitatu, kisha akaniandikisha mafunzo ya ujasiriamali ya kutengeneza sabuni. Hapo nikapata kostiki soda na gliserini. Sabuni ikanitia moyo, nikachimba kibwawa cha sato. Nikaambiwa mfuga samaki hakosi pemanganeti, nikanunua. Nikaanza kukarabati viti vya kale: tina, asitoni, vanishi. Nikapanda mchicha kwenye viroba: mbolea. Nikanunua mashine ya kukatia majani: petroli. Umeme ulipozidi kukatika nikafunga sola yenye betri ile ya kujaza: asidi. Mama Rehema naye, anayesuka na kupaka watu rangi ya nywele barazani, ana peroksaidi yake. Jumlisha vya nyumba nzima: jiki, siki, amonia ya kusafishia vioo, asidi ya choo, mafuta ya taa. Mzee mmoja, vijimambo sita, na stoo ya hatua nne kwa tatu.

Sasa mtu aliyekaa masjala ya wazi miaka 31 hawezi kulala huku vitu vimezagaa. Nilianza na vyombo. Kila kitu kilikuja na chombo chake, huyu kopo, yule galoni, mwingine mfuko wa karatasi. Fujo tupu. Nikakusanya chupa za maji ya kunywa za lita moja na nusu, nikamimina kila kimiminika humo, ili majalada yote yawe sare. Vya unga nikatia kwenye makopo. Nikaandika majina kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko ule ule uliosifiwa na mabosi wanne waliopita ofisini kwetu, nikabandika kwa gundi. Kisha nikapanga, A juu hadi V chini. Ungeniamsha saa nane za usiku ukaniuliza asitoni iko wapi, ningekujibu bila kufumbua jicho: rafu ya kwanza, ya tatu kutoka kushoto, baada ya amonia na asidi ya choo.

Kuna raha kwenye utaratibu ambayo vijana hawataijua.

Nakiri, dalili zilikuwepo. Siku mwalimu wa sabuni alipofundisha habari ya chombo cha kukorogea, nilikuwa nimetoka nje kidogo kupokea simu. Nikarudi nyumbani, nikachukua sufuria ya Mama Rehema, ile kubwa ya pilau, ya alumini, nikatia maji, nikatia kostiki. Maji yakapata moto bila jiko. Hilo nililijua: kostiki ikikutana na maji hutoa joto kali, ndiyo maana hutiwa yenyewe kidogokidogo ndani ya maji, wala maji hayamwagwi juu yake. Nisilolijua ni kwamba sufuria nayo itaingia kwenye mapishi. Ilitoa povu, ikafuka, ikawa nyeusi. Niliporudi kutoka alasiri, ilikuwa imeliwa tako. Baadaye nikaelezwa kwamba kostiki hula alumini na kutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche, na mimi nilikuwa nimeiweka sufuria hatua mbili kutoka jiko la mkaa.

"Baba Rehema," mke wangu alisema, akiichungulia dunia kupitia kwenye tundu, "sufuria hii alinipa marehemu mama."

Nilinunua nyingine. Haikuhesabika.

Jumapili moja akaja mpwa wangu, fundi sanifu wa maabara katika shule ya sekondari. "Shikamoo, Mjomba." "Marahaba, mwanangu." Akatumwa stoo kuchukua siki ya kachumbari. Hakurudi. Nikamfuata, nikamkuta amesimama mlangoni, mikono nyuma, kama mtu aliyekuta chatu amejikunja sebuleni.

"Mjomba, nani amepanga hapa?"

Nikakohoa kwa heshima. "Mimi mwenyewe."

"Toka nje. Taratibu. Usiguse kitu."

Akafungua mlango wote na dirisha, akaniuliza swichi ya sola iko wapi. Maana betri nayo ilikuwa humohumo stoo, ikichaji. Nilijua betri ikichaji hutoa joto. Sikujua kwamba hii ya kujaza hutoa pia haidrojeni, ile ile iliyotoka kwenye sufuria ya marehemu mama mkwe. Naona gesi hii imeamua kunifuata uzeeni.

Alipotulia, akanionyesha rafu ya nne. "Mjomba, hebu soma hapa kwa sauti."

"Pemanganeti. Peroksaidi. Petroli."

"Umeona?"

"Nimeona. Hakuna kosa la tahajia."

Alinitazama kwa huruma ambayo sikuipenda. Pemanganeti, akasema, yenyewe haiwaki. Kazi yake ni kubeba oksijeni na kumgawia yeyote anayetaka kuwaka. Peroksaidi tabia yake ni hiyohiyo. Wawili hao wakimwagikiana, wanaachia oksijeni na joto kwa fujo. Na jirani yao wa kwanza ndani ya chupa ya plastiki iliyokuwa ya maji ya kunywa ni petroli. "Na juu yao, Mjomba, kona hiyohiyo ya kushoto, umeweka gliserini. Chupa ikivuja, gliserini ikaifikia pemanganeti, wala huhitaji kiberiti. Inakaa kidogo, inafikiri, halafu inawaka yenyewe."

Nikamwambia kwamba masjala tuliweka jalada la mdai na la mdaiwa bega kwa bega miaka mingi na hatukuwahi kusikia kelele. Akasema majalada hayavuji.

Akapanda rafu ya juu. Asidi ya choo iko juu kuliko macho yangu. Siku nikiivuta vibaya, ni macho yangu yatakayoipokea. Isipoanguka ikivuja tu, itadondokea rafu ya pili, alipokaa jiki. "Na jiki ikipata asidi inatoa nini?"

"Harufu ya usafi," nikajibu, kwa kuwa ndivyo watu wa mtaani kwetu wanavyoamini. Choo kikikataa kung'aa, wanamwaga vyote viwili.

"Inatoa klorini, Mjomba." Akanisimulia habari za mji wa Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, jeshi la Ujerumani lilipofungulia mitungi yenye zaidi ya tani 150 za klorini, upepo ukaipeleka kwenye mahandaki ya adui. Gesi hiyo ni nzito karibu mara mbili na nusu kuliko hewa, kwa hiyo haipai ikaenda zake. Inatambaa chini na kujaa mashimoni, walikojificha watu. Jiki na amonia nazo zina mvuke wao mwingine, unaochoma mapafu vilevile. Hata siki ya kachumbari inatosha kuichokoza jiki.

Nikakumbuka mara ngapi nimeinama kwenye choo kile, mlango umefungwa, nikisugua, machozi yakinitoka, na Mama Rehema nje akinisifu kwa bidii. Kumbe nilikuwa Ypres.

Tukafika rafu ya tatu, rafu ya M. Mafuta ya taa, maji ya betri, maji ya Zamzam, mbolea. Shemeji yangu, mdogo wake Mama Rehema, alikuwa amerudi Hijja na dumu dogo la Zamzam; nami, ili lisiharibu sare, nililihamishia kwenye chupa kama za wenzake. Asidi ya betri iliyobaki niliachiwa na fundi, naye aliiita maji ya betri. Masjala hatubadilishi jina la jalada, nikaiweka kwenye M.

Mpwa wangu aliruka hadi kwenye mbolea. Akasema hii yangu imechanganywa na chokaa ili itulie, na ni kilo tano tu, lakini kila mbolea yenye naitreti haikai na mafuta ya aina yoyote. Kisha akataja Beirut, na hapo hata mimi sikuwa na la kujibu. Tani 2,750 za amonia naitreti, zimewekwa kwenye ghala la bandari tangu 2014, barua zinaandikwa, barua zinajibiwa, hadi moto ulipoingia tarehe 4 Agosti 2020. Watu zaidi ya 200 walikufa, na nusu ya mji ikabaki bila vioo.

Barua zinaandikwa, barua zinajibiwa. Hiyo lugha naijua. Nimewahi kuziweka barua za namna hiyo mimi mwenyewe, kwa tarehe, kwa mpangilio mzuri kabisa, zikasubiri mkubwa arudi safari. "Weka hapo kwa muda" ni sentensi niliyoisikia miaka 31, na sijawahi kuuona muda huo ukiisha.

Nikajaribu kujitetea kwamba hakuna aliyetuambia. Mpwa wangu akasema ipo Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, nayo iko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Majumbani, Mjomba, imo kwenye jina. Na mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ulitoa utaratibu wa zile alama za pembe nne zilizosimama kwa ncha, mpaka mwekundu, mchoro mweusi ndani: ndimi za moto kwa kinachowaka, duara lenye moto juu yake kwa kinachochochea, chupa inayomwagia mkono kwa kinachobabua, fuvu kwa kinachoua. Mtu hahitaji kujua kemia, anahitaji macho. Alama hizo zote zilikuwa kwenye makopo na magaloni ya mwanzo, yale niliyoyaita fujo nikamuuzia mnunua vyuma chakavu na plastiki.

Iliniuma zaidi kwa sababu mwaka 2003 nilikuwa kazini. Kama waraka wa sheria hiyo ulipita mezani kwangu, niliupiga muhuri, nikaupa folio, nikauhifadhi. Kuusoma haikuwa kazi yangu.

Hadi hapo Mama Rehema alikuwa kimya, ameegemea mlango wa jiko na mwiko mkononi. Akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo shida ni nani akae na nani?"

"Ndiyo, Shangazi. Ni hilo tu."

"Basi mngeniita mapema."

Mnisamehe, nieleze kidogo. Harusi ya Rehema ilikuwa na wageni 300 chini ya turubai moja. Dada yangu mkubwa na mama mdogo hawasemezani tangu ule mgogoro wa shamba la Korogwe. Kuna binamu asiyegombana na mtu lakini kila anapokaa watu hugombana. Kuna vijana wa upande wa bwana harusi, wakiguswa tu wanawaka. Na kuna wazee ambao ni wapole mpaka wanywe. Mama Rehema aliwakalisha wote, akaacha njia katikati, akamweka yule binamu karibu na spika ili asisikike, na hakuna sahani iliyovunjika. Hajasoma kemia. Amesoma ukoo.

Ndani ya nusu saa alikuwa ameigawa stoo kwa jamaa wanne, na mpwa wangu akawa anaitikia tu kwa kichwa kama mwanafunzi. Asidi ni mama mdogo: akae peke yake, chini, kwenye beseni la plastiki, ili akivuja avujie humo. Kostiki na amonia ni dada yangu: ukuta wa pili, beseni lake, kopo la kostiki limefungwa vizuri maana hunyonya unyevu wa hewa ikalowa yenyewe. Jiki, pemanganeti, peroksaidi na mbolea ni ukoo wa yule binamu, wachochezi: kila mmoja kona yake, hata wao kwa wao wasigusane, na wote mbali na mama mdogo. Tina, asitoni, vanishi, gliserini na mafuta ya taa ni vijana wa bwana harusi: pa baridi, pasipo jua wala cheche. Petroli ikatolewa nje ya nyumba kabisa, kwenye dumu lake maalumu, ndani ya kibanda cha mashine chenye upenyo wa hewa. Vya unga vikakaa juu, vya majimaji chini, maana kinachomwagika hakipandi. Hakuna kitu juu ya usawa wa macho. Betri ikahamia barazani, kwenye kibanda chake. Siki ikarudi jikoni kwa vyakula wenzake. Mlango wa stoo ukapata kufuli, na ufunguo haukukabidhiwa kwangu.

"Hii sasa ndiyo masjala ya siri," mpwa wangu akanifariji. Nilikuwa nimefanya kazi masjala ya wazi. Sikufarijika.

Nina malalamiko mahsusi juu ya mpango huu. Mosi, hakuna mtu anayeweza kutafuta kitu humo bila kumjua kila mmoja na ugomvi wake. Pili, nimepunguziwa kiasi: natakiwa kununua kinachotosha mwezi, tena kikiwa kwenye chombo chake cha dukani, nikiandike tarehe niliyokifungua. Tatu, chupa zangu zote za sare zimepigwa marufuku. Hili la tatu nililipinga kwa nguvu, mpaka mpwa wangu akaniuliza kwa upole: mjukuu akiingia na kiu, akaona chupa ya maji ya kunywa, atasoma mwandiko wako au atafungua kizibo? Akaniambia ni watoto wangapi wa mitaa yetu hukimbizwa hospitali kwa sababu mafuta ya taa yalikaa kwenye chupa ya soda, na namna mama zao, kwa hofu, wanavyowatapisha, jambo ambalo huyapeleka mafuta kwenye mapafu. Sikupinga tena. Nilikwenda kuzikanyaga chupa mwenyewe.

Zikabaki mbili.

Hapa nilikuwa nimekosea tena, ingawa kwa nia njema. Mpwa alikuwa amesema nisiguse kitu. Mimi, nikaona binti huyo anahangaika peke yake, nikamsaidia kutoa rafu ya tatu. Nilibeba chupa mbili, moja kila mkono, nikaziweka uani, nikainama kusoma. Unyevu wa masika ulikuwa umelamba wino. Ya kwanza imeandikwa "Maji ya". Ya pili imeandikwa "Maji ya". Zote nyeupe pee, zote sare, mwandiko mzuri.

"Ipi ni ipi, Baba Rehema?" sauti ikauliza nyuma yangu.

Nikaanza kufungua kizibo ninuse. Mpwa wangu akapiga kelele iliyowatoa majirani. Akavaa glavu na miwani ya plastiki, akainua chupa moja, akainua nyingine, akasema hii ni nzito zaidi. Lita ya asidi ya betri hufika karibu kilo moja na robo. Lakini hakutaka kubahatisha. Akaomba juisi ya rozela iliyobaki mchana. Akaweka matone kwenye visahani viwili vyeupe, akaongeza maji mpaka yakapauka, kisha akadondoshea tone moja kutoka kila chupa. Kisahani cha kwanza hakikubadilika sana. Cha pili kikageuka chekundu cha kung'aa, chekundu cha kanga mpya. Rozela, kumbe, inajua asidi kuliko mtu aliyeipa jalada.

Asidi ikawekwa alama, ikatiwa kwenye beseni, na kesho yake fundi wa betri akaja kuichukua, haikumwagwa mtaroni. Nikashika chupa iliyobaki, nikampelekea Mama Rehema kwa mikono miwili.

"Hii hapa. Zamzam yako. Imethibitika."

"Imethibitika nini?"

"Kwamba si asidi."

"Kwamba si asidi," akarudia polepole. "Na chupa yenyewe, kabla ya hapo, ilikuwa na nini?"

Nilifikiri. Nilifikiri kweli. Wiki ile nilimimina amonia, tina, asitoni. Nyingine zilivuja nikahamisha, nikasuuza, nikahamisha tena. Masjala kila jalada lina karatasi ya kuonyesha lilikopita. Chupa hazikuwa nayo.

Hakuyanywa. Kuyamwaga ovyo hakuthubutu, maana ni maji ya heshima. Siku tatu yalikaa mezani yakinitazama nikila. Siku ya nne, baada ya alfajiri, aliyachukua akamwagia mche wa mlimau ulio karibu na geti, taratibu, midomo ikisomasoma. Mlimau haukufa. Sijui niuchukulie kama ushahidi wangu au wake.

Ijumaa iliyopita shemeji alipiga simu, sauti kubwa ya spika, akauliza kama tuliifaidi Zamzam aliyotuletea. Nilijifanya natafuta miwani. Mama Rehema alinitazama kwa kitambo, kisha akamjibu mdogo wake bila kusema uongo hata herufi moja:

"Baba Rehema aliihifadhi."